Kiungo cha senti mbili chaamua faida ya chambo cha chuma

MFANYABIASHARA mwenye mtaji mdogo anayefikiria kuingia katika utengenezaji wa vyambo bandia vya samaki anashauriwa kuangalia kwanza jinsi vipande vya chuma vinavyounganishwa, kabla ya kuuliza bei ya shaba au ya ndoana. Kiungo ndicho sehemu yenye gharama ndogo kuliko zote katika bidhaa hiyo, na ndicho kinachomrejesha mteja dukani au kumpoteza moja kwa moja.

Chambo bandia cha chuma ni kipande cha shaba, bati au chuma kisichoshika kutu kilichokatwa mfano wa kijiko au jani, chenye ndoana nyuma na tundu la kufungia mshipi mbele. Kinapokokotwa majini humetameta na kuyumba mithili ya samaki mdogo aliyejeruhiwa. Samaki wala nyama kama nguru, jodari na kolekole baharini, au sangara katika Ziwa Victoria, hukivamia wakidhani wamepata kitoweo.

Wateja wake katika Afrika Mashariki ni wa makundi mawili. Kundi la kwanza ni wavuvi wadogo wanaorambaza, yaani wanaoburura mshipi nyuma ya mashua au ngalawa inayokwenda. Kundi la pili ni wavuvi wa kujifurahisha, wengi wao watalii, wanaofika Watamu, Malindi, Shimoni, Pemba na Mafia kwa upande wa pwani, na Murchison Falls nchini Uganda kwa upande wa maji baridi. Kundi la kwanza linatafuta bei nafuu na uimara. La pili hulipa zaidi, lakini halisamehe chambo kinachokatika.

Kijiko kilichozaa kiwanda

Biashara hii ina historia ndefu, na ilianzia kwenye kiungo. Inasimuliwa kwamba katika miaka ya 1820 Mmarekani Julio T. Buel, akiwa kijana wa jimbo la Vermont, aliangusha kijiko ziwani na kuona samaki mkubwa akikirukia kikizama. Akachukua kijiko kingine, akakata mpini, akatoboa tundu upande mmoja, na upande wa pili akabandika ndoana kwa lehemu.

Ikiwa kisa hicho kina chumvi au hakina, kilichofuata kimo katika kumbukumbu za serikali ya Marekani. Mwaka 1852 Buel alipewa hataza ya chambo chake, na akakitengeneza kibiashara katika mji wa Whitehall, jimbo la New York. Mtaji wake wa mwanzo ulikuwa msumeno, keekee na tone la lehemu.

Hali kama hiyo ilionekana tena nchini Finland mwaka 1936, pale mvuvi Lauri Rapala alipotengeneza chambo chake cha kwanza kwa gamba la mti na karatasi ya kung'aa inayofungiwa chokoleti, kwa kuwa hakuwa na fedha za kununua vifaa bora. Kampuni iliyotokana na kazi hiyo iliorodheshwa katika soko la hisa la Helsinki mwaka 1998. Miaka miwili baadaye ikanunua kiwanda cha ndoana cha VMC cha Ufaransa, hatua iliyoiwezesha kumiliki pia sehemu ya chambo inayobeba uzito wa samaki.

Njia nne za kuunganisha

Fundi wa karakana ndogo ana njia nne za kuunganisha vipande vya chambo, na kila moja ina gharama na hatari zake.

Njia ya kwanza ni pete. Tundu linatobolewa kwenye bapa la shaba, kisha inapitishwa pete ya waya iliyozungushwa mara mbili, mfano wa pete ya funguo, na ndoana inaning'inia humo. Njia hii haihitaji moto wala dawa. Ndoana ikishika kutu mvuvi anaibadilisha mwenyewe na chambo kinaendelea na kazi. Aidha, ndoana inayoning'inia humnyima samaki nafasi ya kulitumia bapa kama mtaimbo wa kujing'olea. Hiyo ndiyo sababu vijiko vingi vya kiwandani siku hizi vina pete badala ya ndoana iliyobandikwa kama ile ya Buel. Udhaifu wa njia hii ni pete yenyewe: ikiwa ya waya laini hufunguka samaki mzito anapovuta.

Njia ya pili ni kusokota waya. Hii hutumika kwenye vyambo ambavyo bapa lake huzunguka kwenye mhimili wa waya, na pia kwenye waya unaofungwa mbele ya chambo ili meno ya nguru yasikate mshipi. Waya mmoja mgumu unapindwa kuwa kitanzi, kisha pande mbili zinasokotwa kwa pamoja, kila mmoja ukimzunguka mwenzake mara tatu au nne, na mwisho ncha inazungushwa kwa kubanana kama uzi kwenye kibiringo. Wanaoanza hukosea pale wanapouacha waya mmoja umenyooka na kuuzungushia mwingine. Kiungo cha namna hiyo huteleza.

Njia ya tatu ni lehemu, yaani mchanganyiko wa bati na risasi unaoyeyushwa kuunganisha vipande viwili bila kuviyeyusha vyenyewe. Inafaa kubandika ndoana nyuma ya bapa, kujaza mgongo wa chambo ili kiwe kizito, au kuunganisha bapa la shaba nyekundu na la shaba ya njano mgongo kwa mgongo. Mafundi wa Urusi na Finland wanaotengeneza vyambo vya kuvulia kwenye matundu ya barafu wameitumia njia hiyo kwa miaka mingi, na ndoana wakaizamisha katikati ya mabapa hayo.

Njia ya nne ni kuchomelea kwa gesi kwa kutumia fimbo za shaba au za fedha. Kiungo chake ni imara kupita vyote, lakini joto lake huzidi nyuzi 450 za Selsiasi, na fimbo nyingi za fedha huhitaji zaidi ya 600. Joto hilo lina madhara kwa ndoana, kama itakavyoelezwa.

Hesabu ya lehemu

Wafanyabiashara wengi husita wanaposikia bei ya bati imepanda, na kwa kweli bati ni madini yenye bei isiyotulia. Mwezi Oktoba 1985 soko la madini la London lilisimamisha biashara ya bati baada ya Baraza la Kimataifa la Bati kuishiwa fedha za kuilinda bei, na biashara hiyo haikurejea sokoni hapo hadi mwaka 1989. Mwezi Machi 2022 tani moja ilivuka dola 50,000 za Kimarekani, na kabla ya mwaka huo kwisha ikapata kushuka chini ya dola 20,000.

Safari nyingine msukosuko umeanzia jirani. Mwezi Machi 2025 mgodi wa Bisie, ulioko Walikale katika Kivu ya Kaskazini, ulisimamisha kazi wapiganaji wa M23 walipokuwa wakisonga mbele, na bei ya bati duniani ikapanda. Kazi ilianza kurejea mwezi uliofuata. Ukanda huo wa bati ndio unaopita pia Rwanda, Burundi na wilaya ya Kyerwa mkoani Kagera, hivyo habari hizi si ngeni kwa wasomaji wa eneo la Maziwa Makuu.

Hata hivyo, hesabu inaonyesha kwamba misukosuko hiyo haimgusi sana mtengenezaji wa vyambo. Ichukuliwe kwamba kiungo kimoja kinatumia gramu 1 ya lehemu yenye sehemu 60 za bati na 40 za risasi kwa kila mia. Humo mna bati gramu 0.6. Bati likiwa dola 20,000 kwa tani, bati la kiungo hicho lina thamani ya senti 1.2 za Kimarekani. Likipanda hadi dola 50,000, thamani inakuwa senti 3. Kwa vyambo 1,000, tofauti kati ya bei ya chini na ya juu ni dola 18 tu.

Ni kweli kwamba waya wa lehemu dukani huuzwa ghali kuliko madini yaliyomo, kwa sababu ya gharama za kiwanda, usafirishaji na ushuru. Lakini hata bei hiyo ikizidishwa mara tatu, lehemu inabaki sehemu ndogo sana ya gharama ya chambo. Ndoana, bapa na saa za fundi ndivyo vinavyokula fedha.

Picha inabadilika kwa fimbo za fedha. Mwezi Oktoba 2025 bei ya fedha ilivuka dola 50 kwa aunsi, ambayo ni kama dola 1.60 kwa gramu. Fimbo yenye fedha sehemu 45 kwa mia ina fedha ya senti 72 katika kila gramu. Kiasi hicho ni zaidi ya mara 20 ya bati la kiungo cha lehemu hata katika bei yake ya juu kabisa. Mtengenezaji anayechagua njia hiyo hana budi kuwa na mteja wa kulipia.

Kwa upande wa pili wa mizania kuna hasara ya kiungo kilichoachia. Mvuvi anampoteza samaki, na kilo moja tu ya nguru inalipia bati la viungo zaidi ya mia moja. Kama ndoana imechomoka, anabaki na bapa lisilo na kazi. Kama kiungo cha mbele ndicho kilichokatika, anapoteza chambo kizima. Na habari hizo hufika diko lote kabla ya jua kutua.

Matiko ya ndoana

Kosa kubwa linalofanyika karakanani ni kudhani kwamba kiungo chenye moto mwingi ndicho bora. Ndoana ni chuma cha pua kilichotiwa matiko kiwandani, yaani kilichopashwa moto na kupozwa kwa vipimo ili kiwe kigumu bila kuwa chepesi kuvunjika. Lehemu ya bati na risasi huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 183, na ikiguswa kwa muda mfupi na chuma cha kulehemia chenye joto la kiasi, ndoana haiharibiki. Moto wa gesi unaofika nyuzi 600 na zaidi huondoa matiko.

Ndoana iliyopoteza matiko inaonekana nzima kwa macho. Samaki mzito anapovuta, inanyooka kama msumari. Fundi akijaribu kuitia tena ugumu kwa kuizamisha katika maji ingali nyekundu, inakuwa kama kioo na kukatika. Kwa sababu hiyo, kazi ya gesi ifanywe kwenye bapa na vitanzi tu, na ndoana ifungwe baadaye kwa pete.

Kwa upande wa lehemu, kinachohitajika ni usafi. Ndoana nyingi huja na rangi au mafuta ya kuzuia kutu, na lehemu haishiki juu ya vitu hivyo. Sehemu ya kuunganisha ikwanguliwe kwa tupa au msasa hadi chuma king'ae, ipakwe dawa ya kulehemu, kisha kila kipande kitandazwe lehemu nyembamba peke yake kabla ya kukutanishwa. Kinachopashwa moto ni kipande, na lehemu iyeyuke kwa kugusa kipande hicho. Lehemu iliyokaa kama tone la nta juu ya chuma haijashika, hata kama inang'aa.

Shaba nyekundu na ya njano hupokea lehemu kwa urahisi. Vijiko vya jikoni vya chuma kisichoshika kutu ni vigumu kutoboa na vinahitaji dawa kali ya asidi. Anayenunua chuma chakavu kwa kilo atafute vijiko vya zamani vya shaba, mabomba ya maji na mabaki ya mafundi wa majokofu.

Umbo la kiungo nalo lina uzito wake. Lehemu huvumilia vipande vinavyoteleza juu ya vingine, lakini haivumilii kubanduliwa kwa kona. Shina la ndoana lilale juu ya bapa kwa urefu wa kutosha, na likipitishwa kwanza katika tundu au kuzungushiwa waya mwembamba wa shaba, mvutano unabebwa na waya na lehemu inabaki kushikiza tu.

Maji ya chumvi

Kiungo kinachodumu miaka ziwani kinaweza kufa baharini kwa muda mfupi. Madini mawili tofauti yakigusana ndani ya maji ya chumvi hutenda kazi kama betri, na moja huliwa ili jingine lisalimike. Chuma kikigusana na shaba, kinacholiwa ni chuma, yaani ndoana.

Dawa ya asidi iliyobaki kwenye kiungo huongeza tatizo hilo. Mara baada ya kulehemu, chambo kioshwe kwa maji ya moto yenye magadi kidogo, kisuuzwe na kukaushwa kabla ya kupakwa rangi. Kiungo kifunikwe kwa rangi ya mafuta au gundi ya epoksi, na wako mafundi wanaotumia rangi ya kucha, ambayo hukauka upesi na kupatikana kila duka la vipodozi. Mnunuzi naye aelezwe kusuuza chambo kwa maji baridi kila arudipo pwani. Maelezo hayo yakiandikwa kwenye pakiti, hupunguza malalamiko.

Risasi na masoko ya nje

Suala linaloweza kumfungia mtengenezaji milango ya biashara ni risasi iliyomo katika lehemu na katika chubwi. Tangu mwaka 1987 sheria za Uingereza zimezuia chubwi za risasi za kati ya gramu 0.06 na 28.35, baada ya mabata maji kufa kwa kuzimeza. Kanada ilipiga marufuku chubwi na vyambo vidogo vya risasi katika mbuga zake za taifa mwaka 1997. Anayewauzia watalii au kufikiria masoko ya nje aulizwe swali hilo mapema, akiwa na jibu.

Jibu lipo. Tangu Umoja wa Ulaya ulipozuia risasi katika vifaa vya umeme mwaka 2006, lehemu isiyo na risasi, yenye bati, fedha kidogo na shaba, imeenea madukani. Huyeyuka karibu nyuzi 217 hadi 220, joto ambalo ndoana huvumilia ikiguswa kwa muda mfupi. Kwa kuwa karibu yote ni bati, gharama ya madini kwa kiungo inaongezeka, lakini bado inahesabiwa kwa senti.

Kwa afya ya nyumba, hatari ya risasi ni kubwa kuliko ya soko. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na watoto ndio wanaoumia zaidi. Katika kitongoji cha Owino Uhuru, Mombasa, wakazi waliathirika na risasi ya kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu, na mwezi Desemba 2024 Mahakama ya Juu ya Kenya iliwapa ushindi katika kesi iliyochukua miaka mingi.

Betri chakavu hizo hizo ndizo baadhi ya watu huzivunja ili kupata risasi ya chubwi. Mwenye karakana asiruhusu betri kuvunjwa kwake, asiyeyushe risasi katika sufuria ya jikoni, na mafundi wanawe mikono kabla ya kula. Tone la maji likiingia katika risasi iliyoyeyuka huirusha usoni.

Kupima kabla ya kuuza

Karakana ndogo haina mashine za kupimia, lakini ina ndoo. Debe la lita 20 likijazwa maji lina uzito wa zaidi ya kilo 20. Chambo kifungwe darini kwa tundu lake la mbele, na debe lining'inizwe kwenye ndoana kwa kamba, likiwa karibu na sakafu, kwa dakika kadhaa. Maji hupunguzwa kwa vyambo vidogo na kubaki yote kwa vya nguru na jodari.

Katika kila vyambo kumi, kimoja kipimwe. Kikiachia, vyote vya siku hiyo vipimwe kabla ya kutoka. Ndoana moja ibanwe kwenye jiliwa na kupindwa kidogo kwa koleo: ikirudi mahali pake ina matiko, ikibaki imepinda au ikivunjika moto ulizidi.

Mtaji uende wapi

Kwa anayeanza, mpangilio wenye hatari ndogo ni kununua ndoana nzuri na pete za chuma kisichoshika kutu kutoka kwa wauzaji wanaojulikana, na kutengeneza mwenyewe bapa, vitanzi na rangi. Lehemu ibakie kwa kazi za kuongeza uzito na kushikiza waya, na isipewe kazi ya kumbeba samaki peke yake. Gesi na fimbo za fedha zingoje hadi zipatikane oda za watalii zinazolipa.

Mtengenezaji wa nyumbani hawezi kushindana na viwanda vya nje kwa bei ya bidhaa inayotoka kwa maelfu. Anachoweza ni kukaa karibu na mvuvi: kujua kina cha maji anakovulia, kubadilisha ndoana iliyochakaa na kutengeneza upya chambo kilichopinda. Huduma hiyo inawezekana tu pale kiungo kinapofunguka kwa koleo la fundi na kukataa kufunguka kwa samaki. Wenye maduka ya vifaa vya uvuvi wanaopokea bidhaa kwa mali kauli wanaweza kuomba vyambo kumi vya kwanza vijaribiwe kwa debe mbele yao, kabla ya kukubaliana bei.